Mfanyakazi Asivishwe Kanzu ya Mkandarasi

Yuko kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam ambaye kwa muda wa miaka sita alikuwa akipeleka mikate madukani. Aliamka saa tisa za usiku. Saa kumi alfajiri alikuwa amekwisha fika langoni pa kiwanda, akapakia mikate katika pikipiki ya magurudumu matatu, akashika njia aliyopangiwa. Pikipiki ni mali ya kiwanda. Shati alilovaa lina jina la kiwanda mgongoni. Bei ya mkate imepangwa na kiwanda, maduka yamechaguliwa na kiwanda, na akichelewa nusu saa msimamizi wa kiwanda humkata fedha. Kubeba mikate ya mtu mwingine ni marufuku. Kwa kazi hiyo alilipwa Shs. 260,000/- kila mwisho wa mwezi.

Mwezi wa Machi 2025 aligongwa na lori akiwa kazini, akavunjika mguu mahali pawili. Mama yake alipokwenda kiwandani kuuliza habari za matibabu, alioneshwa karatasi. Akaambiwa, "Mama, mwanao si mfanyakazi wetu. Mwanao ni mkandarasi wa kujitegemea. Tazama, hapa ndipo alipotia sahihi yake."

Karatasi ile ilikuwa na kurasa saba, zote kwa Kiingereza. Kijana aliitia sahihi mwaka 2019, siku yake ya kwanza, akiwa amesimama langoni, wala hakupewa nakala. Matibabu yalilipwa kwa michango ya majirani na kwa kuuza cherehani ya mama. Mguu umepona lakini ni mfupi kuliko mwenzake, na kazi kiwandani imekwisha pata mtu mwingine, naye ametia sahihi karatasi ile ile.

Kiwanda hicho hatukitaji jina, kwa sababu si kimoja. Leo utawakuta "wakandarasi" wa namna hii wakilinda majumba usiku, wakifagia maofisi, wakiuza vocha barabarani, wakiendesha malori, wakifundisha katika shule za watu binafsi, wakibeba vyakula kwa pikipiki kwa amri ya simu. Sisi tulivyozoea, mkandarasi ni mtu mwenye matingatinga na mafundi wake, anayekubaliana bei ya kazi na kupata faida au hasara yake mwenyewe. Mkandarasi asiye na chombo, asiye na msaidizi, asiyeweza kusema bei, na anayeomba ruhusa kwenda kumzika baba yake, huyo ni mkandarasi wa namna gani?

Twasema wazi: huyo ni mfanyakazi. Kanzu ya mkandarasi amevishwa na mtu mwingine, na aliyemvisha anajua kwa nini.

UDHURU WA ZAMANI

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu walilijua kwa majina mengine.

Neno "kibarua" lenyewe limetokana na barua. Mtu wa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonesha ya kuwa amefanya kazi ya siku ile. Katika mashamba ya mkonge palikuwa na kipande. Manamba aliyetoka mbali alipewa kadi ya siku 30. Siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na siku ambayo hakuimaliza, au aliugua, haikuhesabiwa. Mshahara ulingoja mpaka siku 30 zitimie, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi mmoja kutimia.

Mabwana wa mashamba na serikali ya kikoloni walikuwa na hoja yao. Walisema Mwafrika si mfanyakazi hasa. Walisema yeye ni mkulima aliyekuja kutafuta fedha ya kodi, na kwao ana shamba, ana mke anayelima, ana ndugu watakaomtunza akiugua na akizeeka. Kwa hiyo alipwe mshahara wa mtu mmoja asiye na familia, wala hahitaji malipo ya uzeeni. Hivyo ndivyo gharama ya kumtunza mfanyakazi ilivyotupwa juu ya mabega ya kijiji chake. Mkonge ukapanda meli na faida ikapanda meli, na kijiji kikapokea mtu aliyechoka.

Sasa tazameni udhuru wa leo. Hawasemi tena ya kwamba ana shamba kwao. Wanasema ana biashara yake, yeye ni mjasiriamali, anajitegemea. Neno limebadilika lakini kazi ya neno ni ile ile: kumwambia mtu anayekutumikia kutwa kucha ya kuwa maisha yake hayakuhusu. Punda umwite farasi, mzigo ni ule ule.

Nasi tunaumia zaidi kwa sababu neno walilolichukua ni letu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kujitegemea limekuwa neno la heshima katika Tanzania. Maana yake ilikuwa nchi isile jasho la wengine, wala isiwategemee wengine kwa kila kitu, na mtu asimnyonye mwenzake. Leo limetiwa katika mikataba ili kuhalalisha jambo lile lile ambalo Azimio lililikataza. Kumwacha mtu peke yake baada ya kutumia nguvu zake siko kujitegemea tulikofundishwa.

HAKI HAZIKUDONDOKA KUTOKA MBINGUNI

Vijana wengi hudhani likizo, malipo ya ugonjwa na kiinua mgongo ni hisani ya mwajiri mwema. Sivyo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na tena mwaka 1947. Mgomo wa 1947 haukuishia bandarini, bali ulifuata njia ya reli ukaingia bara. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Ndugu Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi. Mwaka 1964 zikafuata sheria ya usalama wa ajira, ili mtu asifukuzwe kama mbwa, na sheria ya mfuko wa akiba wa taifa, NPF, ambao ndio ulioleta NSSF ya leo.

Uhuru na Kazi ilikuwa nara ya taifa wakati ule. Waliopiga nara hiyo hawakuwa na maana ya kazi isiyo na haki, kwani hiyo walikuwa nayo tangu zamani za Wajerumani.

Sheria za leo kwa Tanzania Bara zimejengwa juu ya msingi huo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na zaidi ya hapo hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Akiugua, ana siku 126 katika muda wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mwanamke akijifungua ana siku 84, na akijifungua pacha ana siku 100. Mtu aliyetumika zaidi ya mwaka mmoja, akiachishwa pasipo kosa lake, ana malipo ya siku saba kwa kila mwaka alioutimiza, mpaka miaka kumi.

Haki hizo zote zina mlango mmoja, nao ni neno "mwajiriwa". Mtu akitolewa katika neno hilo, ametolewa katika zote kwa mara moja. Ndiyo sababu mwajiri mjanja hashindani na sheria kifungu kwa kifungu. Yeye hubadilisha jina la mtu tu, na vifungu vyote vinabaki nje ya lango.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mshahara wa yule kijana wa mikate, Shs. 260,000/-.

Mchango wa NSSF ni 20% ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haitakiwi kuzidi 10%. Basi kila mwezi zingewekwa Shs. 52,000/-, na katika hizo zisizopungua Shs. 26,000/- zingetoka katika mfuko wa kiwanda. Kwa miaka sita jumla yake ni Shs. 3,744,000/-. Alizokuta ni sifuri. Tena pensheni ya uzeeni hutaka miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15. Miezi yake 72 imepotea, na miezi haikopeshwi dukani.

Likizo: siku 28 mara miaka sita ni siku 168. Hakupata hata moja yenye malipo. Malipo ya kuachishwa: siku saba mara sita ni siku 42. Hakuna. Fidia ya kuumia kazini: tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfanyakazi hachangii hata senti moja katika mfuko huo. Anayechangia ni mwajiri, na mchango wake haufiki shilingi moja katika kila shilingi mia za mshahara. Kwa kijana huyu ni pungufu ya Shs. 2,600/- kwa mwezi. Kwa ajili ya fedha hiyo, ambayo haitoshi kununua kilo mbili za sukari, cherehani ya mama imeuzwa.

Na kodi je? Hapa ndipo mtu hushika kichwa. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, mwajiriwa mwenye mshahara usiozidi Shs. 270,000/- kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara. Lakini kijana wetu, kwa kuwa ameitwa mtoa huduma, alikatwa kodi ya zuio ya 5%, yaani Shs. 13,000/- kila mwezi. Yaani kwa haki amehesabiwa chini ya mfanyakazi, na kwa kodi amehesabiwa juu yake!

SHERIA HAITAZAMI JINA

Wengi hudhani ya kuwa mtu akisha tia sahihi, mambo yamekwisha. Hapana. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema ya kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atadhaniwa kuwa ni mwajiriwa, hata mkataba wao uwe wa namna gani, ikiwa ipo walau dalili moja katika hizi saba.

Dalili ya kwanza ni kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Ya pili, saa zake za kazi hupangwa na mtu mwingine. Ya tatu, ikiwa anatumikia shirika au kampuni, yeye ni sehemu ya shirika hilo. Ya nne, amemtumikia mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ya tano, anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake. Ya sita, hupewa na mtu huyo vyombo vya kazi. Ya saba, humtumikia mtu huyo mmoja tu.

Dalili moja yatosha, na mzigo wa kuonesha vinginevyo unakuwa juu ya mwajiri. Kijana wa mikate anazo zote saba. Saa 45 za mwezi yeye alizimaliza katika wiki moja.

Na tusidhani huu ni ukaidi wa Watanzania peke yao. Mwaka 2006 Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilipitisha Pendekezo Na. 198, likishauri nchi zote kutazama kazi inavyofanywa kwa kweli, siyo namna ilivyoandikwa. Huko Uingereza, madereva wa teksi za simu waliishitaki kampuni ya Uber, nayo ikajitetea ya kuwa wao ni wafanyabiashara wanaojitegemea. Shauri likapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 19 Februari 2021 majaji wakakubaliana wote kuwapa madereva haki. Waliona nauli hupangwa na kampuni, masharti huandikwa na kampuni, dereva anayekataa abiria mara nyingi huadhibiwa na kampuni, na hata mazungumzo ya dereva na abiria yamewekewa mipaka na kampuni. Wakasema hao ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ingawa si haki zote za mwajiriwa kamili. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuwapa haki hizo madereva wake zaidi ya 70,000 wa nchi ile.

Ikiwa karatasi iliyoandikwa na mawakili wa kampuni tajiri kama hiyo haikuweza kuuficha ukweli huko London, karatasi ya kurasa saba iliyotiwa sahihi langoni haiwezi kuuficha hapa.

MANENO YA WAAJIRI

Tumezungumza na waajiri kadhaa, nasi twapenda kuwatendea haki kwa kuyaeleza maneno yao.

Wa kwanza husema: "Alikubali mwenyewe, hakulazimishwa." Twajibu: mtu aliyekaa miezi minane bila kazi, na nyuma yake langoni wamesimama wengine arobaini, hukubali lolote. Njaa haisomi mkataba. Kwa sababu hiyo hiyo sheria haikuacha haki hizi ziwe jambo la kupatana.

Wa pili husema: "Kama anajitegemea, naye ajiwekee akiba NSSF, kwani mlango uko wazi." Ni kweli mlango upo, nasi twawahimiza wakulima, wavuvi na mafundi wautumie. Lakini fundi hupanga bei yake akijua ya kuwa uzeeni anajilipia mwenyewe. Huyu bei yake imepangwa na mwingine. Mwambie aongeze Shs. 26,000/- katika bei ya kazi yake kwa ajili ya mchango, uone kama kesho yake ataingia langoni.

Wa tatu, na huyu ndiye twamsikiliza zaidi, husema: "Mimi ni mtu mdogo. Mwenzangu wa kiwanda cha pili amewaita watu wake wakandarasi, hivyo mkate wake umekuwa rahisi. Nami nikifuata sheria nitafunga." Ndugu, umesema kweli, na kwa kweli hiyo waonesha ya kuwa udanganyifu huu hauwaumizi wafanyakazi peke yao. Unamuadhibu mwajiri mwaminifu na kumzawadia mwongo. Hata tozo ya kuendeleza ufundi, inayomhusu mwajiri mwenye watu kuanzia kumi, hukwepwa na mtu mwenye watu hamsini anayesema ana waajiriwa watano na "wakandarasi" arobaini na watano. Dawa yake ni kumfuata yule mwongo kwa sheria, siyo kumwiga.

Tena mwajiri huyo ajue hatari aliyoibeba. Kila mwezi anaodhani ameweka akiba, ameandika deni. Siku mtu mmoja atakapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, akaonekana kuwa ni mwajiriwa, zitadaiwa likizo, saa za ziada, malipo ya kuachishwa na pengine fidia ya miezi mingi kwa kuachishwa isivyo halali. Mfuko nao utadai michango ya miaka yote pamoja na faini za kuchelewa. Na mtu mmoja akisha shinda, wenzake arobaini wamo nyuma yake na karatasi ile ile. Biashara nyingi zinazoweza kulipa Shs. 30,000/- kwa mwezi kwa mtu mmoja haziwezi kulipa deni la miaka kumi la watu arobaini kwa siku moja. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

WAKANDARASI WA KWELI WAPO

Hatusemi ya kuwa kila mtu awe mwajiriwa. Seremala wa Keko mwenye randa na msumeno wake, anayepokea kazi kwa watu kumi, anayesema bei na kukataa kazi asiyoitaka, huyo ni mtu wa kujitegemea kweli, nasi twamvulia kofia. Mwenye lori lake anayetafuta mizigo popote, fundi bomba anayeitwa mtaani, mama lishe mwenye sufuria zake, hao nao ni hivyo hivyo. Uhuru wao ni wa kweli, na hasara wakiipata wanajua imetoka wapi. Hakuna sheria inayowazuia, wala haitakiwi kuwapo.

Tunalolikataa ni kumpa mtu hasara za mwenye biashara na kumnyima uhuru wa mwenye biashara, huku ukimpa amri za mwajiriwa na kumnyima haki za mwajiriwa. Huko ni kumla mtu pande zote mbili.

MZIGO HUU WABEBWA NA NANI?

Msomaji mwenye kazi nzuri ya serikali asifikiri hayamhusu. Mguu wa yule kijana ulilipiwa na nani? Tulichangishana mtaani, na mwandishi wa maneno haya alitoa Shs. 20,000/-. Yaani kiwanda kimepata faida miaka sita, na hasara tumeilipa sisi majirani, ambao hatujapata hata mkate mmoja wa bure. Atakapofika miaka 60 bila pensheni atalishwa na nani? Na mdogo wake, ambaye mshahara wake umekwisha gawanywa mara nne. Ni ule ule mzigo wa zamani uliotupwa kijijini. Safari hii umetupwa mtaani.

Na nchi itajengwaje hivyo? Mtu asiyejua kama kesho ataitwa hawezi kukopa bati, hawezi kumlipia mtoto shule, wala hawezi kujifunza ufundi wa juu wa kazi anayoifanya. Taifa la watu wa namna hiyo lina bendera, lakini watu wake wanaishi kama manamba.

YATUPASAYO

Kwanza ni wewe, ndugu mfanyakazi. Weka kumbukumbu zako. Tunza stakabadhi za malipo, ujumbe wa simu unaokuamuru kufika kazini, ratiba za zamu, picha yako ukiwa na sare na chombo cha kazi. Dai nakala ya kila unachotia sahihi, na usichokielewa kipeleke kwa mtu akusomee. Mwajiri anapaswa kukupa masharti ya kazi yako kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, kazi ya kuthibitisha inakuwa yake. Jiunge na chama cha wafanyakazi, maana mmoja akilalamika hufukuzwa, lakini mia wakisimama hukaribishwa kuzungumza. Na usichelewe: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA katika siku 30, na mengine katika siku 60. Kijana wetu alikuja kujua jambo hili siku ya 25, akiwa na plasta mguuni. Wazee wawili wa mtaa walimpakia katika bajaji, na siku ya 28 shauri lake likaandikishwa. Hatujui litaamuliwaje, lakini limo kitabuni.

Pili ni serikali. Maofisa wa kazi watoke maofisini, waende kwenye malango ya viwanda saa kumi alfajiri, wasingoje kuoneshwa madaftari mchana. TRA, NSSF na WCF watazame orodha zao pamoja. Kampuni inayomkata mtu yule yule kodi ya zuio kila mwezi, kiasi kile kile, kwa miaka sita, imekwisha jiandikia hati ya mashitaka yenyewe. Na masharti ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mtu anaielewa.

Tatu ni sisi wenyewe. Ofisi za umma zinazokodi walinzi na wafagiaji kwa mawakala ziulize watu hao wanalipwaje na wameandikishwa wapi. Viongozi wa Chama wenye miradi waanze kwao. Hata magazeti, na hili likiwamo, tuna waandishi wa mikoani wanaoleta habari kila wiki kwa miaka mingi na kulipwa kwa kipande, kama manamba. Hatuwezi kumnyoshea mwoka mikate kidole huku jikoni kwetu kunatoka moshi. Tumekwisha mwomba Mhariri jambo hilo lizungumzwe, nasi tutawaarifu litakavyokwenda.

Wazee wetu walipokataa kuitwa "boi" hawakuwa wakigombania neno. Walijua mtu akisha kubali jina, atalipwa mshahara wa jina hilo. Leo jina ni tamu zaidi, lina harufu ya biashara na ubwana mkubwa, lakini mshahara wake umepungua. Tulikatae nalo. Anayefanya kazi chini ya amri ya mwingine, kwa saa za mwingine, kwa vyombo vya mwingine, aitwe mfanyakazi, na alipwe haki za mfanyakazi.

UHURU NA KAZI — NA KAZI IWE NA HAKI!